Herufi Ndogo ya Mume Wangu

Mume wangu alimpita mama yangu barazani bila kumwamkia, na hapo ndipo nilipojua kwamba macho yake yana jambo.

Ilikuwa Idi ya pili tangu tuoane. Tulikuwa tumekuja Kivinje kula sikukuu kwetu. Mama alikuwa amekaa mkekani, kushoto mwa mlango, anachambua mchele wa pilau, na majirani wawili kando yake. Mume wangu akarudi kutoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akapanda ngazi, akapita karibu hata upindo wa kanzu ukamgusa mama begani, akaingia ndani. Wala shikamoo, wala kuinamisha kichwa.

Mkwe ampite mkwewe namna ile, Kivinje, siku ya Idi, watu wanaona! Majirani waliinamia mchele kama ndio kwanza wauone. Mama akanifuata uani.

"Mwanangu, mumeo ana neno nami?"

"Hana, mama."

"Kama hana neno, basi ana kiburi. Na mimi nilimwambia baba yako."

Nilimkuta mume wangu chumbani anavua kofia. "Mwalimu, umempita mama," nikamwambia. Nilimwita Mwalimu tangu siku za uchumba, na sikuwahi kumwita vingine.

"Mama yuko wapi?"

"Barazani. Umempita sasa hivi, umemgusa."

Akasimama na kofia mkononi. Kisha akatoka, akachuchumaa mbele ya mama, akamshika mikono yote miwili, akaomba radhi na kusema jua lilimpiga machoni. Mama akaitikia, lakini kwa mdomo tu. Mimi nilibaki na lile jua, kwa sababu asubuhi ile palikuwa na mawingu. Alasiri, alipokuwa anakunywa chai, nilisimama ubavuni pake nikainua mkono kana kwamba nataka kumpiga. Hakupepesa. Nikasogea mbele kidogo kidogo, mkono juu, na mpaka nilipokaribia pua yake ndipo aliposhtuka.

"Unafanya nini?"

"Nafukuza nzi," nikasema.

Kwao mume wangu ni Kilangala. Ni Wamwera, wakulima wa mihogo na korosho, na yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza katika ukoo wao kushika kalamu. Baba yake alikufa yeye akiwa hajaanza kutembea, mama yake akamlea kwa jembe. Alipomaliza ualimu akaletwa Kivinje kufundisha hesabu, akapanga chumba jirani na kwetu. Baba yangu, aliyekuwa akiuza ng'onda, samaki wa kukausha, alikataa posa mara ya kwanza. Alisema hatujui ukoo wake na kwao hawali papa. Mara ya pili akakubali. Alimwambia mama kwamba amemchunguza yule kijana mwaka mzima na hajamsikia akisema uongo, hata wa mzaha. Mimi nilikuwa nimehitimu msahafu chuoni, na shule ya wasichana nimefika darasa la nne. Baada ya hapo nilikaa nyumbani nikisubiri kuolewa, kama wenzangu wote.

Tulipooana alihamishiwa Lindi, shule ya kati, tukapewa nyumba Mitwero: vyumba viwili, baraza, na ua wa makuti. Kila alasiri baada ya sala alikaa barazani na vitabu vyake. Alikuwa anasomea mtihani mkubwa wa Uingereza kwa njia ya posta. Masomo yalikuja kwa meli, yeye akayafanya, akayarudisha kwa meli. Aliyeufaulu mtihani ule aliweza kuomba nafasi katika chuo kikubwa kule Uganda, na hatukujua mwalimu yeyote wa pwani yetu aliyewahi kufika huko. Hakupenda kulisema jambo hilo mbele za watu. Kwangu alilisema mara nyingi.

Niliporudi naye kutoka Kivinje nilimpeleka hospitali. Daktari alimwangalia kwa taa, akasema maji yaliyo ndani ya jicho yanaukandamiza mshipa. Pembeni pamekwisha kufa, na katikati patafuata. Akampa dawa ya matone. Alisema dawa ile italichelewesha giza, haitalizuia. Mama mkwe alipopata habari akaja kutoka Kilangala na majani yake kwenye kikapu, akamwosha mwanawe uso kila asubuhi, na yule mtu mzima, mwalimu wa watu, akakaa kigodani na kuinua uso kama mtoto.

"Yana faida yoyote?" nikamwuliza.

"Hayana madhara. Mwache. Hana mwana mwingine."

Darasani alianza kuwakosa wanafunzi wa pembeni. Wananyoosha mikono, hawaoni, wanadhani amewachukia. Halafu ubao ukaanza kumpotea. Mwalimu mkuu, ambaye hakuwa mtu mbaya, akamtoa kwenye hesabu akampa kazi ya kusikiliza watoto wakisoma kwa sauti. Masika yalipoingia, hata herufi kubwa za gazeti hakuziona tena. Alikaa barazani alasiri, kitabu kimefunguka magotini, hajakigeuza ukurasa.

Siku moja nilikuwa napeta mchele. Akaniita.

"Njoo unisomee."

"Mwalimu, mimi sijui Kiingereza."

"Herufi unazijua. Nitajie moja moja. Maneno nitayaunga mimi."

Nikafuta mikono, nikakaa, nikaanza. Nilizitaja kama tulivyokuwa tukitaja herufi chuoni, kwa wimbo, maana sikujua namna nyingine ya kutaja herufi nyingi mfululizo. Akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu mwezi wa Ramadhani. Kisha akageuza uso ukutani, akasikiliza. Neno moja refu lilinitoa jasho kama kutwanga. Nilipofika mwisho wa mstari yeye akausema mstari mzima kwa Kiingereza, haraka, halafu akanieleza kwa Kiswahili unasema nini. Ndivyo tulivyofanya siku ile na siku zilizofuata, na wali wetu ukawa unachelewa.

Maneno hayakutushinda. Kilichotushinda ni hesabu zenyewe. Kwenye vitabu vile kulikuwa na namba juu, mstari, na namba chini, na mara nyingine juu ya mstari pana mstari mwingine. Ananiuliza, "Mstari unaanzia wapi? Unaishia wapi? Hiyo jumlisha imo ndani ya mstari au iko nje?" Mimi namwambia iko pale. "Pale wapi?" Siku moja alipiga kiganja ukutani kwa hasira. Hakuwa na hasira na mimi, lakini niliondoka nikaenda jikoni, nikakaa. Sinia lilikuwa pale, na unga wa mhogo nilioutoa juani. Nikautandaza unga kwenye sinia, nikaulainisha kwa kiganja, nikaichora ile hesabu kwa kidole kama ilivyokuwa kitabuni, kubwa. Nikalipeleka sinia barazani, nikamshika kidole cha shahada, nikakiweka kwenye mfereji wa kwanza.

Akakipitisha. Akafika kwenye mstari, akaufuata mpaka mwisho, akarudi nao mpaka mwanzo. Kisha akasema, "Kumbe ni rahisi hivi," na sikujua anasema hesabu au sinia.

Tangu hapo unga wetu ukawa na kazi mbili. Alasiri ni ubao, jioni ninausonga ugali. Mama mkwe alipotukuta siku moja tumeinamia sinia, akauliza kwa Kimwera kitu ambacho sikukielewa, na mume wangu akamjibu, na wote wawili wakacheka. Aliniambia baadaye kwamba mama aliuliza kama kwa watu wa Kivinje chakula huchezewa kwanza.

Sikutaka kuwa mkono tu. Nilitaka kujua ninachokichora. Kulikuwa na herufi moja iliyorudi kila mara, i ndogo yenye nukta yake juu, katikati ya namba. Nikamwuliza.

"Hiyo ni namba," akasema.

"Ni herufi."

"Ni namba iliyokosa alama yake, ikapewa herufi. Ukiizidisha kwa yenyewe unapata toa moja."

Nilifikiri. "Moja mara moja ni moja. Toa moja mara toa moja, ulinifundisha juzi, ni moja. Hakuna namba ya hivyo."

"Sokoni haipo. Watu wa hesabu walidhani tu kwamba ipo, wakaona inawafikisha."

"Inawafikisha wapi?"

"Kwenye majibu ambayo bila yake hayafikiki. Chora." Akanitajia: juu, moja jumlisha nane i, mstari, chini, mbili jumlisha tatu i. Nikachora. "Sasa. Jibu la sehemu haliachwi na i kwenye asili. Asili ni ile namba ya chini. Juu i ikae, si neno, lakini chini lazima itoke. Utaitoaje?"

"Nitaifuta." Na nikaifuta kweli, kwa kidole gumba.

Alisikia unga unavyosuguliwa, akacheka mpaka akashika tumbo. Akaniambia niirudishe. Kisha akanifundisha. Kila namba ya namna ile ina mwenzake, anayefanana naye kwa kila kitu ila ile alama ya katikati: huyu akiwa na jumlisha, mwenzake ana toa. Unamzidisha wa chini kwa mwenzake, na wa juu naye unamzidisha kwa huyo huyo, ili sehemu isiharibike. Mbili jumlisha tatu i, mwenzake ni mbili toa tatu i. Tukazidisha chini kwanza. Mbili mara mbili, nne. Katikati ikatoka sita i ya kujumlisha na sita i ya kutoa, zikaondoshana. Mwisho, tatu i mara toa tatu i: toa tisa mara i mara i, na kwa kuwa i mara i ni toa moja, ile toa tisa ikageuka tisa. Nne na tisa, kumi na tatu. Chini hapakuwa na i tena. Tukaenda juu, tukapata ishirini na sita jumlisha kumi na tatu i. Gawanya yote kwa kumi na tatu.

"Mbili," nikasema. "Mbili jumlisha i."

"Rudia."

"Mbili jumlisha i, Mwalimu."

Alinyoosha mkono akatafuta uso wangu, akanipaka unga shavuni. Sikuwa na mtoto, mimba mbili zilikuwa zimeharibika, na mjini walianza kuulizana. Lakini alasiri ile sikutamani kitu chochote.

Tulifanya hivyo mwaka mzima na zaidi. Nilijua kuzichora zote, na nyingine nilizifanya mwenyewe kabla hajaniambia, hasa zile za kuitoa i chini. Nilizipenda kwa sababu zilianza chafu zikaisha safi. Kiingereza sikujua zaidi ya herufi. Mwisho akasema yuko tayari.

Akaomba ruhusa ya kuandikiwa. Jibu lilichukua muda kurudi, na tulidhani litakuwa hapana. Likawa ndiyo, lakini mwandishi asiwe mke wake, asiwe ndugu yake, asiwe mwalimu, wala asiwe mtu aliyesoma hesabu za juu, ili asije akamsaidia. Mume wangu aliona ni haki. "Mimi mwenyewe ningeweka sharti hilo hilo," akasema. Ofisi ikamchagua mzee mmoja wa mjini Lindi, karani mstaafu wa boma, ambaye hati yake ilisifiwa pwani nzima. Watu walikuwa wakimpelekea maombi yao awaandikie hata kama wanajua kuandika, kwa sababu barua ya mkono wake, walisema, haitupwi.

Mzee alikuja Mitwero kujitambulisha. Alivaa koti juu ya kanzu, na kalamu ya wino mfukoni. Tukamwamkia, akaitikia, akakaa, akaikataa chai mara moja kisha akaipokea.

"Mwanangu," akamwambia mume wangu, "nimeandika barua za Wazungu tangu ulipokuwa hujazaliwa. Sijarudishiwa hata moja. Wewe sema, mimi nitaandika. Usiwe na wasiwasi."

"Sina wasiwasi, mzee."

"Tungefanya mazoezi kidogo, lakini wamenikataza. Wamesema tukutane siku yenyewe."

"Basi tutakutana siku yenyewe, inshallah."

Alipoondoka nilimwambia mume wangu kwamba namwogopea yule mzee, kwamba hajawahi kuchora mstari juu na chini. Akasema mtu mwenye hati kama ile hawezi kushindwa na mstari. Atamwelekeza.

Siku ya mtihani wa hesabu nilimshika mkono mpaka mlangoni pa darasa walilopewa. Msimamizi, Mzungu kijana, akaniashiria nikae mbali. Nilikaa kwenye ngazi ya stoo, upande wa pili wa ua. Dirisha lilikuwa wazi. Maneno sikuyasikia sawasawa, na hata kama ningeyasikia yalikuwa ya Kiingereza, lakini sauti zao nilizisikia zikipokezana. Ya mzee inasoma, ya mume wangu inajibu, taratibu, anangoja kalamu, anaendelea. Na katikati ya maneno nilikuwa nikiisikia ile herufi, "ai, ai". Nikajua anafanya zipi. Nilikuwa nikihesabu pamoja naye bila kujua namba zake. Alitoka ameloa jasho, anatabasamu. Mzee akatoka nyuma yake anapuliza vidole.

"Kwa mstari mzee alihangaika kidogo," aliniambia njiani. "Lakini nilimsemea kila mahali. Hesabu zenyewe hakuna iliyonishinda. Hata moja."

Majibu yalikuja baada ya miezi mingi. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akamsomea, kisha akamleta nyumbani yeye mwenyewe, amemshika mkono. Masomo mengine amefaulu. Hesabu za juu ameanguka, na si kwa alama chache. Alama alizopata zilikuwa kama za mtu asiyejua kitu. Mwalimu mkuu alitaka kukaa kidogo, akaghairi, akaaga.

Mume wangu alisema, "Haiwezekani." Alisema mara moja tu. Kisha akaomba maji ya kutawadha.

Siku zile hatukugusa sinia. Alikula kidogo, alisali, alikaa. Nilijaribu kumwambia labda wamekosea jina, labda wamechanganya karatasi. Najua alikuwa anazipitia hesabu zote tena kichwani, moja moja, akitafuta alipokosea, kwa sababu vidole vyake vilikuwa vikitembea gotini.

Mzee karani alisikia. Akaja alasiri moja kutupa pole, na koti lake lile lile. Alikuwa na huzuni ya kweli, macho mekundu.

"Mwanangu, ni mtihani wa Mungu. Mimi kwa upande wangu nilijitahidi. Niliandika kwa mkono wangu wote."

"Najua, mzee. Nakushukuru."

"Hakuna doa hata moja la wino. Wallahi. Na hata pale wapiga chapa wao walipokosea, mimi sikuwafuata."

Mume wangu akainua kichwa. "Walikosea wapi, mzee?"

"Ile herufi yao. Wameiandika ndogo kila mahali, wakati mtoto wa shule anajua kwa Kiingereza 'mimi' huandikwa kwa herufi kubwa. Nikashangaa, karatasi kutoka Uingereza! Basi kila ulipoitaja, mimi niliiandika kubwa, imesimama wima, kama inavyotakiwa. Nilisema wasije wakadhani wewe hujui Kiingereza."

Mimi sikuelewa mara moja. Nilimwona mume wangu tu. Uso wake haukubadilika, ila mikono yake iliyokuwa gotini ilitulia.

"Imesimama wima," akasema.

"Wima kabisa. Mstari mmoja, safi. Sipendi mapambo kwenye kazi ya serikali."

Jogoo wa jirani akapita uani. Kisha mume wangu akasema, kwa sauti yake ya kila siku, "Ahsante, mzee. Umenistahi sana. Mke wangu, hatuna hata kahawa?"

Nikaenda kuchemsha kahawa, na ni pale mbele ya moto nilipoelewa. Nilichukua kijiti nikaandika kwenye majivu: nane, halafu mstari uliosimama. Ikasomeka themanini na moja. Tatu na mstari uliosimama: thelathini na moja. Karatasi nzima, kila mahali alipotaja i, mzee aliandika kitu ambacho yeyote angekisoma moja. Msahihishaji kule ng'ambo aliona namba zisizo na kichwa wala miguu, zinazogeuka zenyewe kutoka mstari hata mstari.

Nilimimina kahawa nikaipeleka barazani. Mzee akanywa, akaongea habari za mjini, akacheka hata, na mume wangu akacheka naye. Alipoondoka, mume wangu alimsindikiza kwa kupapasa mpaka kwenye ukingo wa baraza.

Nilimrukia. "Mwalimu, twende ofisini! Twende kesho! Waeleze, wataitafuta karatasi, watamwita mzee, ataeleza mwenyewe alivyoandika."

"Ndiyo. Watamwita."

"Basi twende."

"Watamwita mzee wa watu, pale boma alipofanya kazi maisha yake, mbele ya vijana wanaomwamkia kila siku, wamwambie amemwangusha kipofu kwa sababu hakujua kuandika." Akatikisa kichwa. "Hapana."

"Na wewe?"

"Mimi nitafanya tena mwaka ujao. Nitamwambia kabla hatujaanza: herufi ndogo, yenye nukta. Nitasema karatasi mpya zina utaratibu mpya. Atafurahi kuujua." Akanishika kifundo cha mkono, kwa nguvu. "Na wewe usimwambie. Si yeye wala mtu mwingine. Niahidi."

Nikamwahidi. Nililia nikiahidi, kwa hasira, na sikuficha. Aliniacha nilie.

Mwaka ujao haukutufaa. Shule haikuweza kumweka mwalimu asiyeona, na nyumba ya Mitwero ikahitajika kwa mwalimu mpya. Tukahamia Kilangala, kwa mama mkwe, kwenye nyumba ya udongo katikati ya mikorosho. Mume wangu alizaliwa pale, akazijua njia kwa miguu. Alikwenda kisimani peke yake na kurudi. Mimi nilijifunza kulima, vibaya, na mama mkwe akawa anarudia nyuma yangu matuta yangu bila kusema. Niliendelea kumchorea hesabu kwenye unga. Alizifanya, lakini siku nyingine aliacha katikati akasema amechoka, jambo ambalo Mitwero hakuwahi kulisema. Aliandikisha jina lake kwa mtihani. Tulikuwa tunangoja tarehe.

Masika yale mvua zilikata barabara. Alianza na mafua, yakashuka kifuani. Akawa anapumua kama mtu anayevuta kamba. Tulimpikia maji ya majani, tukamkanda, na vijana wa kijiji wakatengeneza machela kumpeleka Lindi, wakafika mtoni wakakuta daraja limekwenda. Wakarudi naye, wote wameloa. Mama mkwe aliketi upande mmoja wa kitanda na mimi upande wa pili. Mume wangu alizungumza na mama yake kwa Kimwera, kwa upole, maneno mafupi mafupi. Kwangu alisema kwa Kiswahili, "Usiwe na kinyongo na mtu." Alikufa asubuhi, mvua imepumzika kidogo, na tukamzika adhuhuri.

Kwenye arobaini, barabara ilipokauka, mzee karani alikuja. Alipanda lori mpaka njia panda, kisha akatembea, umri ule, na koti lake. Mimi nilikuwa edani, nilimsikia kutoka chumbani, nyuma ya pazia. Alisoma dua na wanaume, na baada ya chakula akaomba kuzungumza nami pale pale, yeye nje, mimi ndani.

"Binti yangu," akasema, "nimeandika mengi katika maisha yangu, mengi ya kufukuza watu kwenye ardhi zao, ya kuwafunga. Ile karatasi ya mumeo ndiyo kazi niliyoipenda kuliko zote. Sikuielewa, lakini nilijua ninaandika akili ya mtu. Nilitaka ulijue hilo."

Nilikuwa nimejifunika kanga mdomoni. Maneno yote yalikuwa ulimini.

"Ahsante, baba," nikasema. "Alikuwa akikutaja kwa wema."

Akalia, nikamsikia. Alikufa miaka miwili baadaye, nami nilikuwa nimekwisha rudi Kivinje. Hakujua.

Nilipotoka eda kaka yangu alikuja kunichukua. Mama mkwe alinisindikiza mpaka barabarani na furushi la korosho alizozibangua yeye mwenyewe, akasimama na mimi mpaka lori lilipokuja. Baba yangu aliniozesha tena, kwa mtu mwema wa Somanga, na Mungu akanipa watoto. Lakini kila msimu wa korosho, mpaka bendera ya Mwingereza ilipokaribia kushuka, nilimwomba mume wangu huyu wa pili ruhusa nikaenda Kilangala kumsaidia mama mkwe kuokota. Hakuwahi kunikataza.

Mama mkwe alikuwa na swali moja. Aliniuliza kila mwaka, tukiwa chini ya mikorosho, tumeinama, bila kunitazama.

"Mwanangu alipokufa, moyo wake ulikuwa na uchungu?"

"Hapana, mama," nilimjibu kila mwaka.

Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kuokota, na mimi nikaendelea.